Vioo Vitatu Chini ya Roshani ya Kwaya

Vijana wa ofisini mliniomba niandike kitu kabla sijasahau. Mmechelewa kidogo. Tangu nirudishe funguo za ofisi, mchana nikishakula nalala, na katika usingizi huo miaka yote hunijia bila mpangilio: nondo zinachipua shambani kama mihogo, nguzo za shule niliyoikagua Kingerikiti zinatembea taratibu kuelekea ziwani, na mimi nazifuata na pima maji mkononi nikiziomba zisubiri. Nitajitahidi kupanga. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, maana mnapokea huo huo.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Nilipopangiwa Mbinga nilikuwa sijawahi kufika Songea, na mama yangu aliuliza kama huko bado ni Tanzania. Nilifika asubuhi ya ukungu. Basi lilipanda na kuteremka, na kila ukungu ulipofunguka niliona mlima mzima umechimbwa mashimo ya mraba, safu kwa safu, mpaka kileleni. Nilidhani bado nimesinzia. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, amempakata kuku, akaniambia hizo ni ngolo, mashamba ya Wamatengo: majani yanalazwa kwanza kwa miraba, kisha yanafukiwa kwa udongo, na mvua ikija mlima hauteremki. Nikamuuliza nani aliwafundisha. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, na ninyi kwenu nani aliwafundisha kula?"

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza kazini, na yalitolewa bure.

Cheti changu kilisema fundi sanifu. Huku kila anayevaa kofia ngumu ni Injinia. Nilisahihisha watu kwa miezi miwili, kisha nikachoka, nikawa Injinia hadi leo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na cheti chochote. Aliitwa Fundi Ndunguru, fundi nondo, mtu mfupi mwenye viganja vigumu ambaye aliweza kukunja ringi mia kabla ya chai, zote zikalingana. Ringi, kwa wale mnaokaa kwenye kompyuta tu, ni zile pete za nondo nyembamba zinazofungwa kuzunguka nondo ndefu ndani ya boriti. Siku yangu ya tatu aliniuliza boriti hufa vipi. Nikajibu inapinda katikati, inapasuka chini, inaanguka.

"Hicho ni kifo cha kistaarabu," akasema. "Inapinda, inakuaga, unapata muda wa kutoa hata meza. Kuna kifo kingine."

Akanituma dukani nilete mche wa sabuni ya kufulia. Akauweka juu ya matofali mawili, akaweka kipande cha ubao karibu na tofali moja, kisha akaegemea juu yake kwa kiwiko huku anaongea habari nyingine kabisa, za mbuzi wa jirani yake. Sabuni haikupinda. Ilikaa kimya, halafu ikapasuka ghafla kwa mshazari, kutoka kwenye ubao kwenda kwenye tofali. Huo ndio mkato. Haupigi katikati. Unapiga pembeni, karibu na nguzo, mahali ambapo mtu asiyejua hupaona pana nguvu kuliko pote. Kisha akachukua kipande kirefu kilichobaki, akakifunga uzi mizunguko mingi, akaegemea tena. Ufa ulitokea, lakini sabuni ilikaa.

"Ndiyo kazi ya ringi," akasema. "Haizuii ufa usije. Inauzuia usiondoke na boriti."

Sabuni ilikuwa ya hela yangu. Nilifulia vipande vyake kwa wiki tatu, na kila nilipofua nilifikiria boriti.

Vifaa vyangu havikujaza mfuko. Nyundo ndogo ya kugonga zege na kusikiliza, maana zege zima hulia na zege lililoachana hunong'ona. Tochi. Tindo. Kadi yenye mistari minene na myembamba ya kupimia upana wa ufa. Na vioo. Mimi nilipenda vioo kuliko kifaa kingine chochote. Unakata kipande chembamba cha kioo cha dirisha, unakigandisha kwa jipsamu kukatisha ufa, unaandika tarehe, unaondoka. Ufa ukitembea hata kidogo, kioo hupasuka. Kioo hakina maoni. Niliviweka kwenye maghala ya kahawa, kwenye madarasa, kwenye daraja moja dogo, na miaka mingi vilinieleza ukweli bila kunichosha. Ndiyo maana nikaviamini kupita kiasi.

Kanisa lenyewe sitalitaja. Liko ufukweni, ukitoka Mbamba Bay kuelekea Chiwanda, na mlango wake mkuu unatazama ziwa. Lilijengwa na waumini wenyewe zamani, kwa kujitolea. Juu ya mlango kuna roshani ya kwaya, na roshani nzima inakaa juu ya boriti moja iliyolala kutoka nguzo hadi nguzo. Paroko alituandikia barua ofisini kwamba wanakwaya wanasikia mlio wakicheza. Nilikwenda miaka michache kabla ya kustaafu, katika msimu ule ambao ziwa linatulia hadi huoni mwisho wa maji wala mwanzo wa anga, na mitumbwi inaonekana imetundikwa hewani. Mimi mtu wa bara nikitazama maji yale huwa nasahau nilichofuata. Mtunza kanisa aliniita mara mbili ndipo nikasikia.

Aliitwa Mzee Komba. Alikuwa na umri wa kutosha kunizaa, mrefu, mkimya, funguo zimening'inia kiunoni. Alifagia kanisa lile kila alfajiri kwa miaka ambayo mwenyewe alikuwa hajihangaishi kuihesabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishikia ngazi. Nikaona ufa. Ulianzia juu ya nguzo ya kushoto na kupanda kwa mshazari, mwembamba, unene wa ukucha. Nikaikumbuka sabuni ya Ndunguru. Lakini nyufa nyingine ni za zamani na zimelala, na zilizolala hazidhuru. Nikagandisha vioo vitatu, nikateremka, nikamwambia Mzee Komba maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko dua.

"Mzee, hivi vioo nakukabidhi. Vitunze sana, visivunjike."

"Nimepokea," akasema.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Vioo vizima. Nikarudi tena baada ya mwezi. Kanisa lilikuwa limepakwa chokaa lote, kwa sababu Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara, na huko Askofu hapokelewi na ukuta mchafu. Chokaa ilikuwa imeingia ndani ya ufa na kuuficha, jipsamu yangu nayo imefunikwa, tarehe hazionekani, lakini vioo vyenyewe vilikuwa vimefutwa vikang'aa. Vitatu, vizima. Nilipaswa kukwangua ile chokaa na kupima upya kwa kadi. Sikukwangua. Mlango ulikuwa wazi, upepo mwanana unaingia, kina mama wanaimba huku wanasugua sakafu, na mimi nikajisikia nimo ndani ya kitu kizuri ambacho sikutaka kukisumbua. Nikaandika karatasi: ufa umetulia, kwaya inaweza kutumia roshani. Nikatia sahihi.

Nilialikwa siku ya Kipaimara. Mimi ni Muislamu, lakini mwaliko ni mwaliko, na pilau walishanitajia. Askofu alichelewa njiani, Misa ikaanza mchana. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mkono wa kushoto. Saa nane jua liliteremka upande wa ziwa, na mwanga ukaanza kuruka kutoka kwenye maji, ukapita mlangoni na kuchezacheza kwenye dari na kwenye boriti. Juu yangu kwaya ilikuwa inaimba, watu arobaini na kitu, wanayumba kushoto, wanayumba kulia. Nilikuwa karibu kusinzia. Nilitazama mwanga ule ukipita kwenye vioo vyangu: kwenye cha kwanza ulipita sawasawa, kwenye cha pili sawasawa, kwenye cha tatu ulipinda.

Kioo cha dirisha hakipindi mwanga namna ile. Kile kilikuwa na mviringo. Kilikuwa kipande cha kioo cha taa ya chemli.

Nikainuka polepole. Mzee Komba alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake nyeupe. Nikamsogelea.

"Mzee, kile kioo cha mwisho ni changu?"

"Ni chako, Injinia. Cha kwako kilivunjika, nikaweka kingine."

"Kilivunjika lini?"

Akafikiri. "Kipi? Kile cha kwanza, au hivi vya baadaye?"

"Vimevunjika vingapi?"

"Saba," akasema, kisha akaona uso wangu, akanishika bega kunituliza. "Lakini usiwe na wasiwasi. Vyote nimerudishia. Cha picha ya Mtakatifu Yosefu kilinisaidia sana, kilipoisha ndipo nikavunja chemli. Ulinikabidhi vitatu, viko vitatu."

Vijana, sijawahi kuogopa namna ile. Saba kwa wiki sita. Ufa haukuwa umelala hata siku moja. Ulikuwa unatembea, na mzee huyu kwa uaminifu wake wote alikuwa anaufunga mdomo. Na kwaya iko juu, inacheza, kwa ruhusa yenye sahihi yangu.

Nikamwambia kwa maneno machache. Kioo kikivunjika ndiyo boriti inasema. Boriti hii inaweza kuondoka sasa hivi, bila kuaga. Wakishtuka wakakimbia pamoja, ndiyo itaondoka kwelikweli.

Mzee Komba aliinua macho kwenye vioo. Kwa muda mfupi alikuwa kama mtu aliyekuta nyumba si yake. Halafu akauliza jambo moja tu: "Wakishuka mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja, bila kucheza."

"Matoleo ndiyo yanafuata," akasema. "Siku zote kwaya hutoa mwisho. Leo itatoa kwanza."

Mimi nisingeijua njia hiyo hata ningepewa mwaka. Akapita kwenye mabenchi yaliyo chini ya roshani, akainamia watu na kuwanong'oneza kwamba wageni wa Askofu wanahitaji nafasi, wasogee mbele. Alidanganya kwa upole, ndani ya kanisa, na kanzu nyeupe mwilini. Kisha akapanda ngazi. Nikamwona anamnong'oneza Mwalimu Skola, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutetemesha madirisha, aliyekuwa anaiongoza kwaya. Mwalimu Skola hakuacha kuimba. Alishusha tu kiganja chake, taratibu, na miili yote arobaini ikatulia. Wakaanza kushuka. Mstari mmoja unashuka mtu kwa mtu, mwingine ukisubiri, wanaimba, wanateremka, wanakwenda mbele kwenye kikapu cha sadaka. Kadiri walivyoshuka wimbo ulihama nao, juu ukipungua, mbele ukikua, na mimi nimesimama chini nahesabu miguu kwenye ngazi na macho yangu yako kwenye kile kipande cha chemli. Wa mwisho walikuwa mpiga kinanda na Mwalimu Skola. Kwa haraka yule mpiga kinanda alisahau kukizima. Kikabaki juu peke yake kinapiga ngoma yake ya mashine, dundu, dundu, kwenye roshani tupu, mpaka umeme ulipokatika jioni.

Roshani haikuanguka. Nalisema mapema ili msisubiri. Haikuanguka siku hiyo wala kesho yake, tulipoweka mirunda kuishikilia. Ndiyo shida ya kazi yetu: ukiwahi, hakuna cha kuonyesha. Watu walinung'unika kwamba Injinia Muislamu ameitoa kwaya roshani mbele ya Askofu. Nilivumilia, maana waliosema hivyo walikuwa hai.

Aliyeniumiza ni Mzee Komba. Jumatatu alimrudishia Paroko funguo. Nilimfuata nyumbani, nikamkuta anaanika usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Akaitikia shikamoo yangu bila kuniangalia.

"Mzee, nimekuja kusema kosa ni langu."

"Vioo niliweka mimi."

"Mimi ndiye niliyesema visivunjike. Nilipaswa kusema vikivunjika viache, niite. Ulifanya nilichokutuma."

Aligeuza usipa kwa mkono. "Watoto wa kwaya, Injinia," akasema. "Wajukuu zangu wawili wako mle." Akainamia tena usipa wake. Nikarudi Mbinga na gari la jioni, milima inaingia gizani mmoja baada ya mwingine, na nililia kidogo. Sioni aibu kuliandika.

Ukarabati nitauandika kwa sababu kuna kitu cha kujifunza. Tulipokwangua boriti tulikuta ringi zimejazana katikati, karibu karibu, na pembeni kwenye nguzo zimeachana hata paka angepita. Walioijenga hawakuiba wala hawakuzembea. Waliona boriti hulegea katikati, wakapeleka nguvu katikati. Mhandisi wa mkoa alipiga hesabu, nami nikazipiga tena baada yake. Tuliichubua boriti kwa tindo mpaka kokoto zikaonekana, tukaisafisha kwa brashi, tukatoboa sakafu ya roshani, tukapitisha ringi mpya zenye umbo la U kutoka chini, tukazikaza juu kwa vibati na nati, zikikaribiana kadiri zinavyoelekea nguzoni. Tukafunga mbao, tukamimina zege la kokoto ndogo kupitia matundu ya juu, tukalishindilia kwa fimbo ya nondo. Fundi Ndunguru alishafariki, lakini nilimsikia akilalamikia kila ringi iliyokaa upande. Kisha tukalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, ili zege lisikauke haraka. Wanakwaya wanawake walibeba maji kutoka ziwani wiki mbili, asubuhi na jioni, na ndani ya kanisa tupu ilisikika tu ile sauti ya matone. Nikikosa usingizi hadi leo, huwa naisikiliza hiyo.

Tukaijaribu kwa mifuko ya mchanga wa ufukweni, mizito kuliko kwaya yote na vinanda vyao. Siku tatu. Boriti iliusogelea kidogo sana uzi niliouvuta chini yake, na mifuko ilipotolewa ikarudi. Nikamwita Mwalimu Skola nikamwonyesha. Aliukagua uzi, akaikagua mifuko, akanikagua mimi.

"Injinia, mifuko ya mchanga haina watoto nyumbani."

"Ni kweli."

"Tutapanda. Lakini Jumapili wewe ukae pale chini. Palepale."

Nikasema nitakaa.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa, na mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu kabisa. Watu walibanana mbele hadi kwenye ngazi za altare. Nikakaa peke yangu chini ya boriti, shati jeupe, mikono magotini. Hesabu zilikuwa sahihi. Nilizijua kwa moyo. Na bado jasho lilinitoka. Juu nikasikia viti vinasogezwa, Mwalimu Skola anakohoa, halafu wimbo wa kwanza ukaanza, wamesimama wima, hakuna anayethubutu kuyumba. Hakuna aliyenitazama waziwazi, lakini kila kichwa mbele yangu kilikuwa kimegeuka kidogo.

Mzee Komba alikuwa mbele, upande wa wanaume, bila kanzu, bila funguo. Wimbo wa pili ulipoanza aliinuka. Akaja katikati ya kanisa lote, kwa mwendo wake ule ule wa kufagia, akapita benchi moja tupu na jingine, akaketi ubavuni kwangu hadi mabega yakagusana. Hatukuwa tumesemeshana kwa miezi mitatu. Sikuweza kumtazama. Macho yangu yalikuwa juu, yamekwama kwenye ile kona ya nguzo.

Akaniinamia sikioni.

"Injinia, teremsha macho. Wanakuangalia wewe."

Nikateremsha macho, nikatazama mbele kama watu wengine, na juu ya vichwa vyetu wakaanza kucheza.